Kompyuta 24, waya mmoja wa tere

Mwanafunzi alikuwa anachomeka kebo ya intaneti. Mkono wa kushoto ameshika kabati la chuma lenye mitambo ya mtandao, mkono wa kulia akaegemea kasha la kompyuta iliyokuwa karibu. Akapiga kelele moja fupi, kisha mikono ikakataa kuachia, mpaka miguu ilipomlegea na uzito wa mwili ukambandua kwenye chuma. Alipona. Kesho yake nilipofika katika shule hiyo ya hapa Goma, prefe, mkuu wa shule, alinipokea mlangoni na swali moja: "Fundi, ni kompyuta gani imeharibika, tuitoe?"

Nilizipima zote 24, moja moja. Hakukuwa na hata moja iliyoharibika.

Prefe hakuniamini, na sikumlaumu. Tumezoea kufikiri kwamba waya wa kijani na njano, ule ambao Dar es Salaam wanauita ethi na sisi huku tunauita tere, ni waya wa siku ya ajali: siku fazi, waya unaoleta umeme, ikigusa chuma, tere inaupokea umeme na dijonkta, swichi ya kinga, inakata. Siku nyingine zote, tunadhani, waya huo umelala. Kwa pasi au jiko la umeme, dhana hiyo haiko mbali sana na ukweli. Kwa chumba cha kompyuta ni dhana ya hatari. Humo tere inafanya kazi kila dakika ambayo kompyuta zimewashwa, na ikikatika, hatari inaanza saa ileile, hata kama kila kifaa ni kizima.

Kisa kiko ndani ya sanduku la pawa, lile linaloipa kompyuta umeme. Fundi akikufungulia sanduku hilo, tazama pale waya wa umeme unapoingilia. Mara nyingi utaona vidonge viwili vya bluu, bapa kama dengu kubwa, kila kimoja na miguu miwili. Hizo ni kapasita. Moja imeunga fazi na kasha la chuma, nyingine imeunga netri, waya wa kurudishia umeme, na kasha hilohilo. Ziliwekwa kwa makusudi. Sanduku la pawa la kisasa linaukatakata umeme makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde ili liugeuze kuwa volti ndogo zinazotakiwa ndani, na ukataji huo unazaa fujo ambayo ingesumbua redio, simu na hata kompyuta za jirani. Kapasita zinaikusanya fujo hiyo na kuipeleka kwenye kasha, na kutoka kwenye kasha inaondoka kwa njia ya tere.

Lakini kapasita haichagui. Ikipitisha fujo, inapitisha pia kiasi kidogo cha umeme wa kawaida wa volti 220. Kapasita ya nanofaradi 4.7, ambayo si ngeni katika masanduku haya, inapitisha karibu miliampea 0.32 kutoka kwenye fazi. Masanduku mengi yana zaidi ya jozi moja, na skrini nayo ina zake. Kwa hiyo meza moja yenye kompyuta na skrini yake inavujisha kama miliampea 1 kwenye waya wa tere, mchana kutwa. Huo si ubovu. Kanuni za kimataifa zinaruhusu kifaa cha kuchomeka chenye waya wa tere kivujishe hadi miliampea 3.5.

Miliampea 1 ni kitu gani kwa mwili wa mtu? Ngozi inaanza kuhisi kwenye nusu ya hapo. Ukifika kama 10, misuli ya mkono inajikaza na mtu hawezi tena kuachia alichoshika. Karibu na 30 pumzi inaanza kubanwa, na ukizidi hapo ukakawia, moyo wenyewe unaweza kupoteza mapigo yake. Kompyuta moja isiyo na tere, basi, inaumauma tu. Unagusa kasha kwa nyuma ya mkono na unahisi kama mchanga unapita chini ya ngozi. Watu wanacheka, wanasema "kompyuta iko inapiga kidogo", wanaendelea na kazi.

Sasa ziweke 24 kwenye waya mmoja wa tere. Nilizungushia kipimio cha koleo nyaya za fazi na netri kwa pamoja zikitoka kwenye kofre, sanduku la kugawia umeme, huku tere nikiwa nimeirudisha, na kikaonyesha miliampea 27. Mvujo wa kompyuta zote unajumlishwa kama maji ya mabati mengi yanayoingia mfereji mmoja. Mfereji ukiwa mzima, hakuna anayejua. Ukizibika, maji yote yanamngoja mtu wa kwanza atakayefungua njia.

Ulikuwa umezibika kwenye priza, yaani soketi, ya kwanza kabisa. Aliyezifunga nyaya alileta tere moja kutoka kwenye kofre hadi priza ya kwanza, akaikata hapo, akatoa kipande kingine kwenda ya pili, akakata tena, hivyohivyo hadi ya mwisho. Katika kila priza ncha mbili za shaba zilisokotwa na kubanwa chini ya skrubu moja. Nilipovuta kifuniko cha ile ya kwanza, ncha iliyotoka kwenye kofre ilitoka yenyewe, bila kulegeza kitu. Ilikuwa na alama nyeusi ya skrubu upande mmoja tu, dalili kwamba tangu mwanzo ilibanwa kwa ukingo. Meza zimesukumwa, plagi zimechomolewa na kurudishwa kwa miaka, skrubu imelegea polepole. Kuanzia hapo makasha yote 24 yalikuwa yameungana yenyewe kwa yenyewe, na hayakuungana na kitu kingine chochote.

Nikapima volti kati ya kasha na kabati la mtandao: 108. Kila kompyuta ina kapasita mbili zinazolingana, moja upande wa fazi na moja upande wa netri, na kasha liko katikati yake. Ni kama watu wawili wenye nguvu sawa wanaovutana kamba: fundo la katikati halisogei. Kati ya 220 na 0, katikati ni 110. Ndiyo maana kugeuza plagi ukutani, dawa ambayo nimeiona ikijaribiwa sana, hakusaidii kitu. Ukigeuza, wavutaji wamebadilishana pande tu.

Mwanafunzi yule alipounganisha kasha na kabati kwa mikono yake miwili, yeye ndiye aliyekuwa waya wa tere wa kompyuta 24. Mwili wake ulipunguza kidogo tu. Nikihesabu, alipitiwa na miliampea zaidi ya 20, kutoka mkono hadi mkono, kupitia kifuani.

Diferansieli, kifaa cha kukata umeme unaovuja, ilikwenda wapi?

Mwalimu wa kompyuta alinieleza kwa unyoofu: "Ilikuwa inatusumbua, fundi. Tukifika kuwasha kompyuta ya 18 ao ya 19, inashuka. Watoto wanapoteza kazi yao. Tukaita mtu, akaitoa, akatuwekea dijonkta ya kawaida."

Hapa ndipo fundo lenyewe la mada hii lilipo. Dijonkta ya kawaida inalinda waya: inakata umeme ukizidi ampea 16 au 20, au fazi na netri zikigusana. Miliampea 20 zinazopita kifuani mwa mtoto haizioni kabisa. Diferansieli inafanya kazi nyingine. Inalinganisha umeme unaotoka kwa fazi na unaorudi kwa netri, na hesabu zikitofautiana, inajua kuna kiasi kinachopita njia nyingine, tere au mtu, na inakata. Ile ya miliampea 30 inatakiwa ikate kabla tofauti haijapita 30, na inaruhusiwa kuanza kukata kuanzia 15. Kwa hiyo kompyuta 18 zenye mvujo wa miliampea 1 na kidogo kila moja, yaani kama 20 kwa jumla, zinatosha kuishusha. Kifaa kilikuwa kinasema kweli. Saketi ndiyo ilikuwa imebebeshwa kompyuta nyingi mno.

Kuna jambo baya zaidi, na naomba mafundi wenzangu walitazame vizuri. Ukikata tere ya chumba kama hicho, diferansieli inaacha kushuka. Mvujo unakosa njia ya kutokea, unatoka kwa fazi na kurudi kwa netri kupitia zile kapasita, hesabu zinalingana, na kila kitu kinatulia. Mteja anafurahi, fundi analipwa. Ndivyo pini za tere zinavyokatwa na koleo katika ofisi zetu, na anayekata anaamini kabisa amelitatua tatizo. Ametengeneza chumba ambacho makasha yote yana volti 110 na kinaonekana kimepona.

Hata hivyo, diferansieli ingekuwepo siku ile, tere ikiwa imekatika vilevile, mvujo uliopita kwa mwanafunzi ungekuwa tofauti ambayo ina nafasi kubwa ya kuishusha, naye angeshtuka na kuachiwa. Kuiondoa kuliondoa kinga ya mwisho.

Hesabu ninayoifuata ni hii: mvujo wa kila siku usipite theluthi moja ya kiwango cha diferansieli. Kwa ile ya 30, ni miliampea 9 au 10, yaani meza nane, kwa wingi tisa. Chumba cha kompyuta 24 kinataka saketi tatu, kila moja na dijonkta yake na diferansieli yake ya 30. Aina nayo ina maana. Zile za bei ndogo zilizoandikwa AC zimetengenezwa kwa umeme laini wa mawimbi, na sanduku la pawa linaweza kutoa mvujo uliokatwa nusu ambao AC inaweza isiuone. Nunua iliyoandikwa A. Mbele yake, penye mwingilio wa jengo, weka ya miliampea 300 ya aina S, ambayo inachelewa kidogo kwa makusudi ili ile ndogo ya chumbani itangulie kukata na jengo zima lisizimike kwa kosa la priza moja.

Tere juu ya lava

Goma ina jambo lake ambalo vitabu vingi vya umeme havikuandikwa kwa kulifikiria. Tumejenga juu ya mawe. Lava ya volkano ya Nyiragongo ya Januari 2002 ilipita katikati ya mji hadi ziwani, na majengo mengi ya leo yamesimama juu yake. Ile ya Mei 2021 iliishia Buhene, pembezoni mwa mji. Chini ya hizo kuna lava za zamani zaidi. Mvua inanyesha kwelikweli, lakini maji hayakai: yanazama kwenye nyufa za mawe, na juu linabaki jiwe lililokauka. Jiwe kavu halipitishi umeme.

Ubishi wa ardhi dhidi ya umeme unapimwa kwa omu-mita. Kanuni za Kifaransa, ambazo mafundi wengi wa Kongo wamefundishwa kwazo, zinakisia udongo mnono wa shamba kuwa 50, udongo mwembamba wenye kokoto 500, na mawe matupu 3,000. Fimbo ya tere iliyosimamishwa inakadiriwa kwa kugawanya namba hiyo kwa urefu wake. Fimbo ya mita 2 kwenye udongo mnono: ukinzani, yaani ubishi wake, ni omu 25. Fimbo hiyohiyo kwenye mawe matupu: omu 1,500. Ile niliyoikuta nyuma ya shule ilikuwa imepigwa nyundo mpaka ikapinda kama mkwaju, mita moja na kitu tu ndani, na kipimio kikasoma omu 900.

Sasa pima maana yake. Nyumba nyingi za hapa zinategemea tere yao wenyewe uani. Fazi ikigusa kasha kweli, volti 220 zikigawanywa kwa omu 900 zinasukuma ampea 0.24 ardhini. Dijonkta ya ampea 16 itaketi na kutazama mpaka kesho, na kasha litabaki na karibu volti 220 nzima. Yaani katika mji huu, tere bila diferansieli ni nusu ya kinga, na pengine si hata nusu. Diferansieli ya miliampea 30 inaridhika na tere mbaya sana: kanuni ni kwamba ukinzani ukizidishwa kwa kiwango cha kifaa usipite volti 50, na 50 gawanya kwa 0.03 ni omu 1,666. Ile ya 300 inataka omu 166 au chini. Kumbuka pia kwamba ukinzani mkubwa unapandashuka na majira, kwa hiyo usiridhike na namba iliyo karibu na mpaka.

Kinachosaidia juu ya lava ni urefu, kwa sababu kina hukipati. Waya mtupu wa shaba wa milimita za mraba 25, ukizungushwa chini ya msingi kabla mawe hayajapangwa, unakadiriwa kwa kuzidisha ile namba ya ardhi kwa mbili na kuigawa kwa urefu wa mzunguko. Jengo lenye mzunguko wa mita 60, hata kwenye 3,000, linapata omu 100. Unayejenga sasa, waya huo uwekwe siku ya msingi. Ni siku moja tu, haitarudi. Kwa shule ile ilikuwa imeshachelewa, basi tulichimba mtaro kuzunguka jengo, kwa tindo sehemu nyingine, tukalaza shaba na kuifunika kwa udongo wa mfinyanzi ulioletwa na lori. Mita 64 za waya, omu 41. Chumvi sikutia. Inashusha namba kwa miezi michache, kisha mvua inaiosha na kuacha shaba imeliwa.

Kupima nako kunataka akili ya hapa. Kipimio kinakuja na vijiti viwili vya kuchomeka ardhini, na kwenye lava havichomeki. Tulitandika matambara yaliyolowa maji juu ya mwamba, tukalaza vijiti juu yake na jiwe la kuvikandamiza. Inafanya kazi. Kisichofaa ni ile njia ya balbu, kuunga balbu kati ya fazi na tere uone kama itawaka. Kwenye tere ya omu 900 balbu inafifia, na wakati inafifia, sehemu kubwa ya volti 220 iko kwenye kila kasha, friji na bomba lililoungwa na tere ile, na nyumbani kuna watu.

Waya unaorudi nyumbani

Omu 41 zilimfurahisha prefe kupita kiasi. Ilinibidi nimwambie kwamba zisingemsaidia yule mwanafunzi hata chembe. Tere yenye omu 1 uani isingemsaidia pia. Waya ulikatika kati ya kofre na priza, na shaba iliyolala mtaroni haijui kilichotokea kwenye priza.

Kanuni za umeme za Uingereza, BS 7671, zimeliona hili. Saketi ambayo mvujo wake unaweza kupita miliampea 10 haitegemei waya mmoja mwembamba wa tere. Kati ya yanayokubaliwa: waya huo uwe wa shaba usiopungua milimita za mraba 10, mgumu kukatika, au ziwe njia mbili, kila moja nzima peke yake. Ukishagawanya kompyuta nane nane, uko chini ya mpaka huo kwa hesabu ya leo, lakini chumba cha kompyuta hakikosi kuongezewa kitu, na njia ya pili inagharimu mita chache tu za waya. Mimi naiweka bila kubishana.

Inafanywa hivi. Tere inatoka kwenye kofre, inapita priza zote za saketi, na baada ya ile ya mwisho haiishii hapo. Inarudi hadi kwenye kofre kwa njia nyingine na kufungwa kwenye skrubu yake, si ile iliyotokea. Sasa ikikatika popote, kila priza bado ina njia upande wa pili. Ndani ya priza, zile zenye skrubu mbili za tere zina thamani ya bei yake: waya unaoingia kwenye yake, unaotoka kwenye yake. Ukipata zenye skrubu moja tu, usiukate waya. Vua ngozi yake sentimita mbili katikati, ukunje shaba kama sikio, uingize kikunjo chini ya skrubu, ukaze, kisha uvute kwa nguvu ya mkono. Skrubu ikilegea miaka mitano baadaye, priza hiyo moja itakosa tere, lakini zilizo mbele yake hazitajua.

Na nyaya za kijani na njano zisifanye kazi nyingine hata siku moja. Nimekuta zikitumika kama fazi kwa sababu roli ya nyekundu iliisha. Wengine wanafunga tere kwenye netri ndani ya priza, ili kipimio kisome vizuri. Netri ikikatika nyuma ya hapo, volti 220 zinapita ndani ya kompyuta na kutokea kwenye kasha.

Tere mbili si bora kuliko moja

Lile kabati la mtandao lilikuwa na tere yake peke yake, iliyoshuka kutoka kwenye mnara wa intaneti juu ya paa. Mtu aliwaambia shule kwamba mitambo ya mtandao inataka "tere safi" isiyochanganyika na ya nyumba. Ndiyo maana kasha na kabati, mita moja kati yake, vilikuwa dunia mbili.

Radi ndiyo inayoonyesha ubaya wa jambo hilo. Mashariki ya Kongo ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa na radi nyingi zaidi duniani. Katika hesabu ya satelaiti iliyochapishwa mwaka 2016, eneo la Kabare, jirani na Bukavu, lilikuwa la kwanza Afrika. Radi ya wastani inabeba kama ampea 30,000. Ikishuka kwenye mnara wenye tere nzuri ya omu 10, tere hiyo inapanda kwa kitambo kifupi hadi volti 300,000 juu ya ardhi ya mbali. Tere ya nyumba, ikiwa peke yake, inabaki chini. Kati yake kuna nini? Kebo ya mtandao yenye nyuzi nyembamba kama nywele, na pengine mkono wa mtu. Zikiungwa kwa waya mnene mfupi, jengo zima linapanda pamoja na kushuka pamoja, kama ndege aliyetua kwenye waya wa umeme: hana tofauti ya volti kati ya mguu na mguu, ndiyo maana anaimba. Tuliunga mnara, kabati, kofre, nondo za jengo na mzunguko wa mtaroni kwenye pao moja la shaba, kisha tukaongeza parafudri, kinga ya radi, kwenye mwingilio wa umeme.

Mengine ni madogo lakini yanaua vilevile. Ralonji, yaani kebo za kurefushia umeme, za matundu mawili, zisizo na pini ya tere, zisiingie kabisa kwenye chumba cha kompyuta. Pia vile viungio vya kugeuza plagi ya pembe tatu inayokuja na mashine kutoka Uganda iingie kwenye priza zetu za duara, kwa sababu vingi vinaitupa tere njiani. Ralonji isichomekwe kwenye ralonji: kila kiungo ni skrubu nyingine ya kulegea, na mvujo wa wote unapita pini moja. Onduleri, lile sanduku la betri la kushikilia kompyuta umeme ukikatika, nayo isijaribiwe kwa kuchomoa plagi ukutani. Ukichomoa, kompyuta sita zinaendelea kufanya kazi kwa betri huku tere yao imelala sakafuni. Zima dijonkta ya saketi hiyo, tere ibaki. Kompyuta za mapajani zenye adapta ya pini mbili hazina tere tangu kiwandani, na zile za kasha la chuma zinaumauma kidogo, lakini mvujo unaoruhusiwa kwao ni robo ya miliampea. Hizo si za kukuogopesha.

Kitufe cha majaribio kwenye diferansieli kibonyezwe kila mwezi. Ila jueni kinachojaribiwa. Kitufe kinapima kifaa chenyewe tu, na kitashuka vizuri hata kama jengo halina tere kabisa. Tere inapimwa kwa kipimio, kutoka kwenye pao hadi kwenye pini ya kila priza, na katika chumba cha kawaida isipite omu 1.

Siku ya kukabidhi kazi nilimwomba mwalimu awashe kompyuta zote. Aliziwasha, akasimama karibu na kofre akingoja ishuke kwenye ya 18. Haikushuka. Koleo ilisoma miliampea 9 kwenye kila saketi. Kisha nikazima, nikafungua skrubu moja ya tere ya saketi ya kwanza, nikaichomoa ncha yake mbele ya macho yake kama ile tuliyoikuta imejichomoa, nikampa kipimio mwenyewe. Akapita priza nane, akiinama chini ya kila meza na kunisomea kwa sauti: sifuri nukta nne, sifuri nukta tatu, sifuri nukta nne. Ya mwisho ilisoma sifuri nukta mbili, maana ilikuwa ndiyo iliyo karibu zaidi na njia ya kurudi.